Kiwanda Kisikae Bondeni kwa Mama

Umalila, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Efraimu,

Kamwene. Nakusalimu kwanza kwa sababu tumenyonya ziwa moja, maana mengi yatakayofuata humu si ya salamu. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la mama limetulia na baridi hii, au bado anakaa kitini kama anayetua mzigo? Na mkeo, kile kifua kimeachia? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Upendo yuko shuleni, baba yake anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya ukungu, viazi vimekubali. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo nitakayokueleza.

Naandika kwa sababu simu uliikata nikiwa bado nasema. Nilipopiga tena ukampa mtoto aseme baba anaoga. Mchana ule, Efraimu, na baridi ya Kilolo, wewe unaoga. Basi barua haikatiki. Nampa dereva wa lori la viazi, ataiacha Ipogolo kwa yule fundi baiskeli unayemjua. Isome mpaka mwisho, kisha umsomee mama kwa sauti bila kuruka mahali. Ukiona haya, mpe binti yako Neema amsomee.

Nianze na ya huku, ndipo utajua kwa nini nina hasira mbili.

Wewe unakijua hicho kiwanda cha viazi kabla yangu, ila hujui kwamba kilianza kwa kupita huku kwetu. Kampuni ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga, pa kukatia viazi na kuvikaanga na kuvitia kwenye pakiti. Walikuwa na vijiji kadhaa mkononi, na hiki nilichoolewa kilikuwa kimoja. Kwamba na chetu cha nyumbani kimo, sikujua.

Watu wa huku walikitaka kiwanda kama mgonjwa anavyotaka dawa, na siwalaumu. Unajua lumbesa. Dalali anakuja na lori, anashindilia gunia, halafu analishonea kilemba cha majani juu mpaka linafanana na bibi harusi, na bado linahesabiwa gunia moja. Ukibisha anasema, "Mama, basi kale mwenyewe." Kiwanda kingepima kwa mizani. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akasema wataalamu wanakuja kuangalia mambo ya ardhi, barabara, umeme na maji. Kwenye maji, akasema, sote tuseme neno moja: mto wetu haukauki.

Ilikuwa masika. Mto wenyewe ulikuwa unanguruma hapo chini, nani angebisha? Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa na wenzangu wa kwaya. Sikupiga makofi, lakini na mdomo sikufungua.

Siku wataalamu walipofika nilipangwa jikoni, nyuma ya ofisi ya kijiji, na wanawake wengine. Wanaume wakawazungusha wageni huko mashambani. Kati ya hao wageni alikuwapo dada mmoja, mtaalamu wa maji, ana mabuti yake ya mvua, mpole kabisa. Alipochoka kuzungushwa alikuja kwetu jikoni, akakaa juu ya gunia, akachukua kisu akaanza kumenya viazi pamoja nasi. Tukacheka, maana alikuwa anamenya nusu nzima ya kiazi iende na maganda.

Akauliza hivi hivi tu, kama mtu anayeongea, "Mama zangu, mto huu mnachota mwaka mzima?"

Mama Atu, jirani yangu, alikuwa anasonga ugali. Akanigusa na mguu. "Mwaka mzima," akamjibu. "Mpaka kelele zake zinatunyima usingizi."

Watu wakacheka. Yule dada naye akacheka, kisha akaniangalia mimi. "Na wewe mama?"

Efraimu, Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeshiriki meza ya Bwana. Mdomo niliopokelea ndio huohuo niliokuwa nao pale jikoni, sina mwingine. Nikasema, "Mwezi wa tisa unakatika. Tangu walipopanda milingoti, ile miti inayonyonya maji, mpaka kwenye chemchemi, kiangazi tunafukua mchanga, tunateka kwa bakuli."

Mama Atu akasema bila kunitazama, "Huyu si wa hapa, dada. Huyu ni wa Iringa."

"Iringa sehemu gani?" yule dada akauliza.

"Kilolo," nikasema.

"Kilolo nako tunakwenda," akasema, akaendelea kumenya.

Wakala, wakashukuru, wakaondoka. Baadaye ikaja habari kwamba huku hapafai, maji hayatoshi. Tangu siku hiyo, mdogo wangu, nimekaa katika kijiji hiki kama mwiko mbovu. Nikipita asubuhi nikisema "mwagona," wanawake wanatazama majembe yao. Mashine ya kusaga nikifika, debe langu linasogezwa nyuma mpaka wote wamalize. Kwenye kwaya, mwenzangu niliyesimama naye sauti ya pili tangu nilipokuja huku amehamia mwisho wa mstari, nami naimba nikiwa na nafasi pembeni, kama jino limeng'oka. Hata watoto. Nilikuwa natoka kuuza karoti Mwanjelwa, nikashuka kwenye gari, kitoto kikasema, "Huyo ndiye aliyekausha mto."

Na shemeji Jailosi, mdogo wake baba Upendo, alikuja nyumbani kabisa na wenzake wawili, akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji," akasema, "umetuuza kwa nani?"

"Sijauza mtu. Mto si unakauka?"

"Unakauka tangu enzi za babu yangu. Nani alikutuma ukautangaze?"

"Niliulizwa."

"Uliulizwa. Mke wa mtu akiulizwa kila kitu anajibu?" Akamgeukia kaka yake. "Kaka, sisi tulikwambia uoe hapahapa. Ulikwenda Iringa kufuata nini, baridi? Baridi si tunayo?"

Wenzake wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mimi nilitazama mume wangu. Alikuwa anachokonoa moto kwa kijiti. Walipoondoka akasema, "Ungesema hujui."

"Lakini najua."

"Ndiyo. Ungesema hujui."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na shamba lake la viazi lilikuwa pale mlangoni likimtazama, linangoja dalali. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Jailosi.

Sasa basi, nikiwa katika hali hiyo ndipo ulipopiga simu. Nilikuwa shambani. "Dada," ukasema, na sauti inacheka, "Mungu amejibu. Kiwanda kimekuja kwetu." Nikakaa kwenye tuta. Nilitaka kucheka na wewe, kweli. Nikasema moyoni, hawa wa huku wanaonong'ona kwamba nimekipeleka kwetu kumbe wamesema kweli bila kujua. Nikakuuliza kinakaa wapi. Nawe ukajibu bila hata kuvuta pumzi, "Bondeni, chini ya kanisa. Pale maji hayakatiki, na hapana mtu."

Hapana mtu.

Ngoja nikueleze bonde lile kama mtu asiyelijua, maana inaelekea umelisahau. Masika ni maji na majani marefu, hata ng'ombe hashuki. Mwezi wa sita maji yanapoanza kurudi nyuma, mama anashuka na jembe. Anachimba mtaro, anapandisha tuta, udongo mweusi unanuka kama chungu kipya. Hivyo ndivyo vinyungu. Kila mwanamke na chake. Anapanda mahindi, maharage, maboga na mboga wakati huko juu milimani ardhi yote imekauka, na mwezi wa kwanza, ghala zikiwa tupu na mahindi ya juu bado yanafika magotini, sisi tulikuwa tunachoma mahindi mabichi. Watoto wa vijiji vya barabarani walikuwa wanakwenda shule na chai ya rangi. Wewe ulikwenda na boga kwenye mfuko wa kaptula. Walikuita Efraimu Boga mpaka ukapigana.

Na unakumbuka mtaro. Mama alitufundisha kwamba mtaro wa kinyungu ni mlango. Hata mwenyewe asipokuwapo unasimama ukingoni, unasema hodi, unangoja kidogo, ndipo unavuka. Siku uliporuka mtaro wa jirani yetu mama Sikujua bila hodi, mama alikurudisha na fimbo mpaka ukingoni, ukasema hodi ukilia, na mama Sikujua akaitika "karibu" akiwa ameinama asionekane anacheka.

Ndipo hapo pasipo na mtu.

Nikakuuliza ilikuwaje, na kabla hujakata simu ulinieleza mwenyewe. Kwamba wataalamu walikuja mwezi wa pili, bonde limejaa maji na majani, wakawauliza wazee, "Hili ni la nani?" Wazee wakatazamana, wakasema halina mwenyewe. Hilo, Efraimu, nalielewa, na nimewasamehe. Kwetu mwanamume hatii mdomo wake kwenye kinyungu. Kinyungu mama mkwe anamkatia mkwewe, naye atamkatia wake. Mzee ambaye angesimama mbele ya wageni aseme bonde ni langu, angechekwa kilabuni mpaka afe. Walijibu kwa adabu ya kwetu, na wageni hawaijui adabu ya kwetu, wakachukua neno kama lilivyo. Na wanawake ambao lingekuwa neno lao walikuwa milimani wanapalilia. Kosa la namna hiyo linatendeka, na linasahihishwa kwa mtu mmoja kusimama na kusema, ndugu zangu tulikosea, lina wenyewe.

Wewe uko kwenye serikali ya kijiji. Ungekuwa huyo mtu mmoja.

Badala yake, juzi mama amenipigia kwa simu ya Neema. Unajua mama hapendi simu, anaipigia kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Safari hii alisema polepole. "Mwanangu, Efraimu amesema mwaka huu tusishuke bondeni." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Eti wanakuja mwezi wa saba kuweka mawe ya mipaka, wasije wakakuta tumechafua." Halafu akaniuliza mimi, mama yetu, ananiuliza mimi aliyenizaa, "Sasa mimi mwezi huo nitakuwa nafanya nini?"



Hii ndiyo sitaki kukusamehe mapema. Wazee walikosea kwa adabu. Wewe umelipenda kosa lao. Umeliona lina faida ukaamua kulitunza, ukawakataza wanawake wasilime ili wageni wakirudi wakute majani, na neno la wazee liwe kweli. Huku walitaka nifiche kiangazi ili kiwanda kije. Wewe huko nawe unaficha kiangazi ili kiwanda kije. Mimi nimetengwa na kijiji kizima kwa kukataa kufanya hivyo kwa wageni, halafu ndugu yangu wa tumbo moja anamfanyia mama yake.

Usiniambie nachukia maendeleo. Hayo ulishaanza kuniambia kwenye simu. Vijana wetu wanahitaji kazi, na wanao wamo, najua umeahidiwa mmoja atakaa getini. Viazi vya Kilolo navyo vinavishwa vilemba na madalali. Kiwanda kije. Lakini pale juu barabarani kuna shamba la miti la kijiji lililoungua, visiki vitupu, hata kuni hazikubaki. Lori linafika bila kuteleza. Nguzo za umeme zimepita hapohapo. Watu wa kampuni wanataka maji, na maji yanaweza kupanda kwa bomba. Kinyungu hakiwezi kupanda. Waonyesheni pale. Wakikataa, wakatae wakiwa wamejua bonde ni la kina nani, na waje wakae chini na hao wanawake. Ukisema halina mwenyewe, hata fidia mama hataiona, itaishia mikutanoni. Na hata akipewa, ataipanda wapi hiyo fidia?

Nimekuombea, Efraimu. Sitakuficha, nilikuombea nimekunja uso. Nilimwambia Mungu amlegeze moyo huyu mtu, na kama halegei basi amwashe kofi. Nikatubu kidogo, si sana.

Sasa sikiliza la mwisho. Nilimweleza baba Upendo yote, pamoja na swali la mama. Nikajua ataniambia tena, ungesema hujui. Asubuhi nikamkuta nje ameshika lile jembe langu la zamani, lile lililoliwa na udongo mpaka likawa jembamba, nililokuja nalo kutoka kwetu nikiwa bibi harusi. Alikuwa analitia mpini mpya, mfupi.

"Mbona mfupi?" nikamwuliza.

"Kwenye matope mpini mrefu utakuvunja mgongo." Akaligonga jiweni kulikaza. Halafu akasema, "Huko nako watakuuliza."

"Nitajibu."

"Najua," akasema. Akacheka, Efraimu. Sijamwona akicheka tangu mkutano ule.

Mchana wake Jailosi akapita akaona nimeanika nguo za safari. "Naona mwenye kiwanda anakwenda kazini," akasema kwa sauti, wasikie mpaka ng'ambo. Nikamwambia ndiyo shemeji, nakwenda kazini, kama una salamu lete. Akatukana mbwa.

Kwa hiyo nakuja. Baada ya kuvuna kile kipande cha juu, nitapanda basi, nitashuka Ipogolo, na usihangaike kuja kunipokea. Chumba usiniandalie pia, nitalala kwa mama. Maji yakianza tu kurudi nyuma, yeye na mimi tutashuka. Goti lake likikataa atakaa ukingoni aniamrishe, kuamrisha hakujamshinda. Nimeshampigia mama Sikujua na wengine. Mama Sikujua alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Jembe unalo au nikutafutie?"

Ukija bondeni na wazee kutuondoa, sitapiga kelele. Nitaendelea kulima. Ukija na jembe, mtaro wa mama una kazi tele upande wa juu, kule ulikokuwa unachimba na baba. Chagua. Lakini kumbuka Neema ataposwa siku moja, na shangazi atakayekaa kwenye mkeka wa posa ni mimi. Usinifikishe mahali pa kukaa nje ya nyumba yako.

Na hao wa mawe ya mipaka, waache waje. Hasa yule dada wa mabuti, nitafurahi kumwona. Watashuka kutoka kanisani na vifaa vyao, watafika kwenye mtaro, na mtaro utakuwa mpya, una maji. Waambie mapema desturi ya pale. Wasimame ukingoni, wapige hodi. Mwaka huu kuna wa kuitika.

Msalimie mkeo, mwambie najua alinyamaza kwa ajili yako na si kwa kupenda, na kinyungu alichokatiwa na mama kiko vilevile kinamngoja. Msalimie mjomba mwenye ng'ombe, mzee wa kanisa aliyenibatizia Upendo kwa haraka siku ile ya mvua, na mama Sikujua ingawa tumeongea. Neema mpe busu na asante ya simu. Wanao wa kiume waambie shangazi hajakasirika na wao.

Mama mwambie asianze bila mimi.

Mimi dada yako ambaye bado ni dada yako,
Mama Upendo